Uliza Ujibiwe: Maikrolaiti ya watu wawili, miguu ikunjwe au ibaki nje?

Wasomaji wetu, safari hii ukurasa mzima nimeupeleka kwenye ndege ndogo, zile maikrolaiti za watu wawili, maana maswali yaliyoingia ni mengi na karibu yote yanaulizia kitu kimoja, miguu inayokunjwa na kuingia ndani ndege ikishapaa. Baadhi ya maswali nimeyapunguza maneno ila maana nimeiacha vilevile.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi nasoma uhandisi mitambo, niko mwaka wa mwisho, na projekti yangu ni kuchora maikrolaiti ya watu wawili yenye miguu ya kukunja. Miguu nimeshaichora yote kwenye kompyuta na inakunjika vizuri kabisa, sasa msimamizi wangu ananiambia nimeanzia mwisho. Nianzie wapi? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msimamizi wako kasema kweli, na usivunjike moyo kwasababu kazi uliyofanya utaitumia, ila sio sasa hivi. Ndege ya aina hii inaanzia kwenye namba mbili, uzito na spidi ya kustoli, yani ile spidi ambayo ukishuka chini yake bawa linaacha kubeba. Kwa miaka mingi sheria za Ulaya zilisema maikrolaiti ya watu wawili isizidi kilo 450 ikiwa imejaa kila kitu, au kilo 472.5 ikiwa imefungwa parashuti ya kuokoa ndege nzima, na isistoli juu ya noti 35 ambazo ni kama kilomita 65 kwa saa. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ukaruhusu nchi inayotaka ipandishe hadi kilo 600 na kustoli hadi noti 45, Uingereza nao wakafika kilo 600 mwaka 2021. Kwahiyo kwanza kabisa andika juu ya karatasi unachora kwa sheria ipi, maana hizo ni ndege mbili tofauti.

Chukulia umechagua 472.5. Sasa piga hesabu ya ndani. Ndege ikiwa tupu ina kilo 310, hapo umejitahidi sana na kaboni faiba yako, inabaki kilo 162.5. Weka watu wawili wa kilo 75 kila mmoja, zimebaki kilo 12 na nusu za mafuta, na petroli lita moja ina kama kilo 0.72 kwahiyo ni lita 17 tu, na injini ya Rotax 912 ya farasi 100 ikikimbizwa inakunywa lita 18 hadi 20 kwa saa. Umeona? Ndege ina spidi kubwa lakini haina hata saa moja ya kuruka, na hapo sijataja akiba wala begi. Mfumo wa kukunja miguu, mota, viungo, milango, waya, swichi, mimi nakushauri uuwekee kilo 10 hadi 15 zaidi ya mguu wa kawaida usiokunjwa, na hizo kilo zinatoka kwenye tenki, hamna sehemu nyingine ya kuzitoa. Ndo maana ile nafasi ya kilo 600 imepokelewa kwa furaha sana na watengenezaji, maana ndege tupu ya kilo 350 inakuachia kilo 250, unaweka watu wako wawili, lita 100 za mafuta na bado una kilo 28 za mizigo.

Ukimaliza uzito nenda kwenye bawa. Kilo 472.5 ni nguvu ya niutoni 4,635 hivi, na kwa kilomita 65 kwa saa hewa inakupa msukumo wa kama niutoni 200 kwa kila mita ya mraba, ukizidisha na CL ya bawa lako, ile namba inayoonyesha bawa linanyanyua vizuri kiasi gani. Bawa lisilo na flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua, CL yake ikiwa 1.5, itabidi uwe na bawa la mita za mraba 15 na nusu, na hilo ni bawa kubwa ambalo litakukokota siku nzima ukiwa unataka kukimbia. Ukiweka flapu nzuri zinazotoka nyuma na kushuka, CL ikapanda hadi 2.3, bawa linashuka hadi mita 10. Kwahiyo anayetaka maikrolaiti ya spidi ahangaike na flapu kwanza, miguu baadae, hapo ndo nadhani msimamizi wako alikuwa anakupeleka.

Sasa ndo urudi kwenye miguu yako na uangalie kama inaingia. Tairi la saizi ya 4.00-6 ambalo linatumika sana kwenye ndege hizi lina kipenyo cha sentimita 33 na upana wa sentimita 10. Shina la bawa lako, pale linapoungana na mwili, likiwa na upana wa mita 1.4 kutoka mbele kwenda nyuma na unene wa asilimia 15, sehemu nene kabisa ina sentimita 21, toa ngozi ya juu na ya chini, tairi likilala linaingia, lakini sehemu nene ndo hiyohiyo inapopita boriti kuu ya bawa. Na kwa ndege yenye gurudumu la mbele, magurudumu makuu lazima yakae nyuma kidogo ya kitovu cha uzito la sivyo ndege itakalia mkia, kwahiyo shimo la tairi linaangukia nyuma ya boriti palepale. Hapa wanafunzi wengi hawaoni tatizo. Ngozi ya bawa pamoja na boriti vinafanya boksi lililofungwa, na boksi lililofungwa ndo linalozuia bawa lisisokotwe. Ukikata shimo kubwa chini, boksi limefunguka, ugumu wa kusokotwa unaporomoka, na bawa linalosokoteka kirahisi kwenye kilomita 300 kwa saa linaweza kuingia kwenye flata, ule mtetemo unaojiongeza wenyewe mpaka bawa linakatika. Zungushia shimo lako kuta imara, mbavu mbili nzito na boriti ndogo ya nyuma, ili msokoto upate njia ya kupita, na uzito wa hizo kuta uuandike kwenye akaunti ya miguu maana ni wa miguu.

Kitovu cha uzito nacho kinahama miguu ikikunjwa. Gurudumu la mbele lenye kilo 8 likirudi nyuma sentimita 60 linahamisha kitovu kwa kama sentimita moja tu, sio jambo la kukunyima usingizi ila liandike. Kinachohamisha kweli ni abiria wa nyuma kama viti umevipanga mmoja nyuma ya mwingine, mtu wa kilo 80 aliyekaa nusu mita nyuma ya kitovu anakisogeza sentimita 8 na zaidi, na bawa lako lina nafasi ndogo sana ya kuvumilia hilo. Kwahiyo swali la viti vya ubavu kwa ubavu au vya kufuatana usilijibu kwa sura ya ndege, lijibu kwa hesabu hiyo. Viti vya kufuatana mwili unakuwa mwembamba na unakata hewa vizuri, vya ubavu kwa ubavu mizani inakuwa rahisi na watu wanaongea vizuri.

Mwisho, mguu wenyewe ujaribiwe kwa kudondoshwa. Kanuni za ndege ndogo za Ulaya zina fomula ya urefu wa kudondosha kutokana na mzigo wa bawa, kwa ndege yako yenye kilo 47 kwa mita ya mraba inakuja kama sentimita 28. Sentimita 28 inaonekana ndogo, lakini dondosha kilo zinazostahili kwenye mguu wako wa kompyuta uone ile pini ya juu inabeba nini, alafu uniandikie tena.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mpenzi wa ndege tu, sio rubani. Nimeona baadhi ya ndege ndogo zinazosifiwa kwa spidi zina miguu imebaki nje na hazioni aibu. Kwani kukunja miguu kunaongeza spidi kiasi gani hasa? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Nzuri sana ndugu yangu, na swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Ukinzani wa hewa unapanda kwa mraba wa spidi, na nguvu ya injini inayotakiwa kuushinda inapanda kwa spidi mara spidi mara spidi. Nichukue mfano wa miguu iliyobaki nje lakini imevalishwa makava mazuri, ukinzani wake uwe sawa na kibao cha hewa cha mita za mraba 0.04. Ukiwa kwenye kilomita 150 kwa saa miguu hiyo inakula kama farasi 3 za injini, nani atazisikia. Ongeza spidi mara mbili, kilomita 300, miguu ileile inakula farasi 24, karibu robo ya Rotax nzima ya farasi 100. Hapo ndo unaelewa kwanini ndege za mwendo wa pole hazisumbuki na hizi ndege za kukimbia zinasumbuka.

Lakini kuna upande wa pili na huu ndo naung'ang'ania kila mahali. Faida ya kukunja inategemea ndege yote iliyobaki ni safi kiasi gani. Chukua ndege chafu, mwili mnene, viunganisho vimeachwa wazi, hewa ya kupoza injini inaingia na kutoka vibaya, ukinzani wake wote kwa kipimo kilekile cha kibao ni mita za mraba 0.40, kwa farasi 100 itafika kama kilomita 224 kwa saa usawa wa bahari. Kunja miguu, inafika 232. Umehangaika na mota na haidroliki na hofu ya kutua kwa tumbo kwa ajili ya kilomita 8! Sasa chukua ndege safi ya 0.20, inakwenda 282, kunja miguu inakwenda 304. Hapo kuna kilomita 22. Hizi ni hesabu za haraka, nimeuacha ukinzani unaotokana na kunyanyua, ila picha ni hiyohiyo.

Na hata hizo 22 zipime kwa safari yako. Nairobi hadi Mombasa kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 430, tofauti inakuja kama dakika 7. Kwa mtu wa mashindano au wa safari ndefu za kuvuka bahari dakika hizo zinajilimbikiza, zinageuka mafuta na umbali. Kwa mtu anayetoka Jumamosi na kurudi Jumapili mimi namwambia waziwazi, weka makava kwenye matairi, ziba kila upenyo kati ya bawa na mwili, rekebisha njia ya hewa ya kupoza injini, utapata spidi nyingi kwa kilo chache.

Mfano wa kweli upo. Pipistrel Virus ya Slovenia ndo iliyoshinda shindano la NASA la ndege binafsi mwaka 2007, na miguu yake haikunjwi. Mwaka 2012 rubani wa Slovenia Matevž Lenarčič akaizunguka dunia peke yake na Virus SW, nayo miguu nje. Siri yake ni bawa na mwili msafi. Watengenezaji wale walifanya kwanza kazi ile ambayo wengi wanairuka, na kwa maoni yangu ndo somo kubwa kuliko yote kwa anayechora ndege ndogo leo.

SWALI: Asalaam aleikum. Mimi ni fundi wa magari, naomba kueleweshwa mguu wa ndege ukishashuka unajifunga vipi usirudi wakati ndege inagusa chini? Na ukigoma kushuka rubani anafanyaje? – Msomaji, Tanga

JIBU: Waaleikum salaam fundi. Wewe utanielewa haraka. Kosa la kwanza ambalo watu wanafanya ni kudhani mota au pampu ndo inashikilia mguu. Haitakiwi kabisa. Mguu wenyewe una mkono wa kuukinga wenye kiungo katikati, na wakati umekunjuka ule mkono unanyooka alafu unapita mstari kidogo, milimita chache tu, mpaka unagota kwenye kizuizi. Fikiria goti la mtu aliyesimama wima akalifunga nyuma, hata akibeba gunia goti halikunji, mzigo unazidi kulikaza. Ndivyo ilivyo, ndege ikigusa chini nguvu inausukuma mkono ujikaze zaidi kwenye kizuizi, na springi inaushikilia pale ili mtetemo wa kukimbia kwenye nyasi usiurudishe. Umeme ukikatika, haidroliki ikivuja, mguu umefungwa palepale. Kwenye kuchora, ile milimita ya kupita mstari inabidi ibaki hata bushi za viungo zikilika, kwahiyo kizuizi kinawekwa skrubu ya kurekebisha yenye nati ya kukaza, na fundi anaipima kila ukaguzi.

Kwenye dashibodi kuna taa tatu za kijani, moja kwa kila mguu. Swichi ya hiyo taa iwekwe kwenye kufuli lenyewe, isiwekwe kwenye mota. Nimeona michoro ya watu wanaojitengenezea ndege ambayo taa inawaka mota ikifika mwisho wa safari yake, na hiyo ni hatari kubwa, maana mota inaweza kufika mwisho na kiunganishi kimekatika katikati, taa ya kijani inawaka na mguu unaning'inia. Alafu kuna honi, inaunganishwa na mkono wa gesi na flapu, ukipunguza gesi kujiandaa kutua au ukashusha flapu zote na miguu haijafungwa inapiga kelele. Na kuna swichi nyingine kwenye shokapu ya mguu ambayo uzito wa ndege ukiikandamiza inakata umeme wa kukunja, ili mtu asiguse kitasa ndege iko chini ikalala tumbo kwenye hanga.

Sasa mguu ukigoma. Mchoraji mzuri anaanza na swali hili kabla hajachagua mota. Kama ni haidroliki, unaweka vali ya dharura, rubani akiifungua presha inarudi kwenye tenki na miguu inashuka kwa uzito wake ikisaidiwa na springi au zile shoki za gesi unazozijua wewe za mlango wa nyuma wa gari. Kama ni mota yenye skrubu ndefu, uzito peke yake hauwezi kuizungusha ile skrubu, kwahiyo lazima uweke njia ya kuiachanisha au mpini wa kuzungusha kwa mkono. Na angalia gurudumu la mbele. Kwenye ndege yenye injini puani hamna nafasi mbele, kwahiyo mara nyingi linakunjwa kurudi nyuma, katikati ya miguu ya rubani, maana yake likishuka linakwenda mbele dhidi ya upepo. Magurudumu makuu yanayokunjwa ubavuni hayana shida hiyo. Ndo maana springi ya mbele inakuwa na nguvu kuliko nyingine, na ndo maana kitabu cha ndege kinamwambia rubani apunguze spidi kwanza kabla ya kushusha kwa dharura.

Na ikishindikana kabisa, rubani anafuata kitabu cha ndege yake na kuomba msaada wa mnara wa kuongozea ndege. Kutua kwa tumbo kwenye uwanja mzuri watu wengi wanatoka wazima, ila propela inapiga chini, na kishindo hicho kinaingia kwenye giaboksi ya Rotax inayopunguza mizunguko kwa 2.43, kwahiyo injini haiwashwi tena mpaka imefunguliwa na kukaguliwa.

SWALI: Jambo mukubwa wangu. Mimi ni mtu wa Bukavu, naishi Liège hapa Ubelgiji. Watoto wangu wanaulizaka juu ya yule msichana wa huku aliyezunguka dunia na ndege ndogo. Ile ndege ilikuwa ya aina gani? – Msomaji, Liège

JIBU: Jambo sana ndugu, na wasalimie watoto. Mnamwongelea Zara Rutherford. Alipaa kutoka uwanja wa Kortrijk-Wevelgem tarehe 18 Agosti 2021 akiwa na miaka 19 na akarudi palepale tarehe 20 Januari 2022, akawa mwanamke mdogo kuliko wote kuizunguka dunia peke yake, rekodi ya kabla yake alikuwa nayo Shaesta Waiz aliyemaliza mwaka 2017 na miaka 30. Ndege yake ni Shark, inatengenezwa Slovakia, na ni mfano mzuri kabisa wa ukurasa huu wa leo: maikrolaiti ya watu wawili, viti vya kufuatana, kaboni faiba, Rotax ya farasi 100, miguu inakunjwa na kuingia ndani. Kiti cha nyuma kilitolewa likawekwa tenki la ziada.

Waonyesheni watoto ramani, alikwama karibu mwezi mzima Nome kule Alaska na wiki kadhaa kijiji cha Ayan huko Siberia kwasababu ndege hiyo inaruka kwa kuona kwa macho tu, mawingu yakifunga hakuna safari, hata uwe na spidi gani. Kaka yake mdogo Mack akafuata mwaka 2022 na Shark nyingine, akamaliza Sofia tarehe 24 Agosti akiwa na miaka 17, na yeye alipita Afrika, alifika mpaka Kenya na akasifia sana mbuga zake. Kwahiyo ndege ya aina hii imeshapita juu ya vichwa vyetu huku.

SWALI: Niaje mhariri. Tuna kiwanja cha nyasi shambani, udongo mweusi, uko juu kidogo kama Nairobi. Maikrolaiti ya miguu ya kukunja itaweza hapa? – Msomaji, Laikipia

JIBU: Poa ndugu. Itaweza kiangazi, masika mimi nisingekushauri. Kwanza urefu wa eneo. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kama asilimia 15, injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia injini hewa, inapoteza nguvu karibu kiasi hichohicho, farasi 100 zako zimebaki kama 85, na joto la mchana linazipunguza tena. Kustoli nako, mita ya spidi itakuonyesha 65 kama kawaida lakini kasi halisi juu ya ardhi ni kama 71, kwahiyo unagusa chini ukiwa mbio zaidi na unahitaji kiwanja kirefu zaidi, kupaa na kutua. Rotax 914 yenye tabo, farasi 115, inasaidia sana huko juu, ila ina uzito wake na bei yake.

Pili matairi. Ili miguu iingie kwenye bawa jembamba tairi linakuwa dogo, na tairi dogo kwenye shimo la nguchiro au kwenye udongo mweusi uliolowa linazama, linang'ang'ania, nguvu yote inakwenda kwenye gurudumu la mbele ambalo kwenye ndege ya kukunja ndo sehemu dhaifu. Udongo ule ukinata unapanda na tairi mpaka ndani ya shimo lake, unakauka huko ukishapaa, unakaa kwenye swichi na kwenye kufuli. Kwa kiwanja chako mimi ningechukua ndege ya bawa la juu, matairi manene, miguu imara isiyokunjwa, na nisingeona nimepungukiwa chochote. Kama roho yako iko kwenye ya kukunja, weka ndege kwenye uwanja wenye lami au changarawe iliyoshindiliwa, na nyasi zako zitumie wakati wa ukavu tu, na kila ukitua fungua milango ya mashimo uoshe.

SWALI: Salaam kutoka Muscat. Kwanini ndege hizi nyingi zinatoka Ulaya na sio Marekani wakati Wamarekani ndo wenye ndege ndogo nyingi? – Msomaji, Muscat

JIBU: Salaam nyingi. Sababu kubwa ni sheria. Marekani mwaka 2004 walianzisha kundi la ndege za michezo, kilo 600, spidi isizidi noti 120, na miguu isikunjwe, isipokuwa kwa ndege za majini na glaida, zile zinazoelea bila injini. Sasa nani atachora mguu wa kukunja kwa ndege ambayo imekatazwa kuwa nao na imekatazwa kukimbia? Ulaya kulikuwa na kikomo cha uzito na cha kustoli, cha spidi ya juu hakikuwepo, kwahiyo Waitalia, Wacheki na Waslovakia wakashindana kukimbiza farasi 100 zilezile. Alpi Pioneer 300 ya Italia ni ya mbao, na imeonyesha kwamba hata bila mwili mzima wa kaboni unaweza kupata ndege nyepesi ya miguu ya kukunja. Marekani walitoa kanuni mpya mwaka 2025 zilizolegeza vikwazo hivyo, kwahiyo tutegemee michoro mipya kutoka upande huo.

SWALI: Sisi ni kikundi cha marafiki, tunachangishana tununue maikrolaiti iliyotumika ya miguu ya kukunja kutoka nje. Tuangalie nini? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Kabla hamjatuma senti moja nendeni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, mkaulize ndege hiyo mtaisajili kwa kundi gani na nani ataruhusiwa kuihudumia, maana kibali cha kule haimaanishi kibali cha huku. Alafu mmoja wenu aende na fundi anayejua ndege hizi. Asome kitabu chote cha matengenezo akitafuta neno lolote linalogusa propela kupiga chini au kutua kwa tumbo, alinganishe tarehe za propela mpya na tarehe za injini kufunguliwa.

Baada ya hapo ndege ipandishwe kwenye jeki, miguu ikunjwe na kukunjuliwa mara kadhaa kwa umeme, na fundi akiwa amelala chini anaangalia kila kufuli linavyopita mstari, kisha umeme uzimwe na ishushwe kwa njia ya dharura mpaka taa tatu ziwashe. Ashike kila gurudumu alitikise mbele na nyuma, kama viungo vinacheza atasikia mkononi. Amulike tochi ndani ya mashimo atafute nyufa kwenye pembe zake na alama za tairi kusuguana na ngozi. Haya yote hayamalizi hata nusu siku, na muuzaji akisema jeki hazipo au atawaonyesha kwa video, rudini na hela zenu.